Mzee Brashi na Ukuta wa Maktaba

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi na wote mliofika kutushika mkono, familia inawaomba utulivu kidogo ili msomewe maisha ya baba yetu, ambayo sehemu kubwa mnaifahamu, na sehemu moja hamkuwahi kuambiwa, nayo itasomwa kama alivyoagiza mwenyewe akiwa na akili zake timamu, bila kupunguzwa.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Brashi na wengine hamkuwahi kulijua jina lake jingine, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa mpanga mbao kiwandani hapo na mama yake mshonaji wa mashuka na mapazia, na alikuwa akisema kwamba harufu ya kwanza anayoikumbuka duniani si ya maziwa, ni ya unga wa mbao mbichi.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza Novemba 1964, akiwa wa nne darasani, na walimu walimsifu kwa mwandiko, ila masomo hayakuendelea kwa kuwa wadogo zake walikuwa wanasubiri zamu yao. Baada ya kukaa nyumbani zaidi ya mwaka mmoja akimsaidia mama yake kukunja vitambaa, aliajiriwa tarehe 2 Mei 1966 katika kiwanda cha samani, kwenye chumba cha vanishi, chini ya msimamizi mmoja mama wa makamo, mkali, ambaye hakuruhusu mtu kupiga chafya karibu na meza mbichi.

Huyo mama ndiye aliyemfundisha kazi ambayo baba aliifanya miaka hamsini na mitatu. Alimpa vipande vya mbao vya ukubwa wa kiganja, vya aina zote zilizokuwa zikiingia kiwandani, akamwambia avipake vanishi nusu na nusu aviache vitupu, aandike tarehe nyuma, avitundike ukutani na kuviangalia kila mwezi, na hivyo ndivyo kijana yule alivyogundua jambo ambalo wateja wengi hawalijui mpaka leo, kwamba vanishi inayoitwa isiyo na rangi ina rangi yake. Ile ya mafuta huivuta mbao nyeupe kwenye umanjano wa asali, na haiishii hapo, mwaka hadi mwaka inazidi kuiva. Ile ya spiriti huleta wekundu kidogo, kama uso wa mtu aliyetoka kukimbia. Ile ya maji huiacha mbao nyeupe karibu na ilivyotoka kwenye randa, ila ukiipaka kwenye mbao nyeusi inaipooza, inaonekana kama imepakwa vumbi. Baba alivitunza vipande hivyo maisha yake yote, na mteja akifika kwenye karakana aliyoifungua baadaye na kusema anataka vanishi ya kawaida tu, isiyobadilisha kitu, alisimamishwa mbele ya ukuta alikovitundika na kuulizwa, "Kawaida ipi kati ya hizi?"

Aliipenda kazi hiyo mpaka akawa kero. Akialikwa nyumba ya mtu aliinama kwanza kuangalia uvungu wa meza, wenyeji wakadhani amedondosha kitu, na kwenye harusi ya binti yake wa kwanza alikutwa akipapasa mgongo wa kiti cha bwana harusi huku wenzake wanapiga picha.

Mwaka 1974, tarehe 1 Agosti, aliacha kiwanda na kufungua karakana pamoja na seremala mwenzake wa kiwandani, aliyeitwa Fundi Randa, mmoja akiunda na mwingine akipaka, na kwa kuwa Fundi Randa alikuwa na dada aliyekuwa akimletea chakula cha mchana, haukupita muda dada huyo akaanza kuleta vyakula viwili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, na walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa mwaka 1978, 1981, 1984 na 1988, na hadi anafariki ameacha wajukuu saba. Kwa ndoa hiyo Fundi Randa akawa shemeji yake, na kwetu sisi akawa mjomba, mjomba aliyetutengenezea vigari vya mbao vyenye usukani unaozunguka kweli.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo baba aliomba isomwe.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 karakana ilipewa kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata, kujenga chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo cha ualimu, meza arobaini, rafu, na kuta nne zilizofunikwa mbao kuanzia sakafuni hadi kwenye dari. Mkuu wa chuo alitaka jambo moja tu, kwamba mbao zibaki nyeupe kama alivyoziona siku zilipofika, kwa sababu chumba kilikuwa na madirisha machache na alitaka wanafunzi wapate mwanga. Mjomba alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya mbao, akazitoa mbao moja moja, akazigeuza juani, akakataa nyingine na kuchukua nyingine, siku nne mfululizo, mpaka mwenye yadi akamuuliza kama anachagua mbao au anachagua mchumba. Baba naye alifanya majaribio, akaamua zipakwe vanishi ya maji, mikono mitatu, yaani tabaka tatu.

Kuta tatu zilipakwa vizuri. Ilipofika Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1996, siku tano kabla ya ufunguzi, vanishi ya maji ilimwishia ukuta wa mashariki ukiwa haujaguswa, na muuzaji akamwambia kwamba mzigo mwingine utafika baada ya wiki mbili. Ilikuwa juu yake kwenda kwa mkuu wa chuo na kusema kwamba alipiga hesabu vibaya, kwamba ukuta mmoja utasubiri, na kwamba wageni watauona mtupu. Hakwenda. Stoo kulikuwa na makopo ya vanishi ya mafuta, nayo imeandikwa kwenye lebo kwamba haina rangi, na mtu aliyejua kuliko wote kwamba maneno hayo si kweli aliyafungua makopo hayo na kuupaka ukuta.

Mjomba, aliyekuwa karakanani akimalizia viti, alimuuliza jioni ile, "Shemeji, vanishi imetosha?"

Baba akajibu, "Imetosha."

Siku ya ufunguzi, Jumamosi tarehe 19, ukuta wa mashariki ulionekana una joto kidogo kuliko wenzake, na wageni walisema ni mwanga wa asubuhi. Lakini vanishi ya mafuta iliendelea na kazi yake. Ilipopita miezi sita mtu hakuhitaji tena kuambiwa, na ilipokaribia kutimia mwaka ukuta ule ulikuwa wa manjano kabisa katikati ya kuta tatu nyeupe, wanafunzi wakaupa jina la ukuta wa chai, na kamati ya majengo ya chuo ikawaita mafundi wote wawili, Jumatano tarehe 10 Septemba 1997, ndani ya chumba hicho hicho.

Walikuwapo watu wasiopungua kumi na wawili, walimu, wajumbe, msimamizi wa ujenzi, na mafundi wa fani nyingine waliokuwa na kazi pale chuoni, na baadhi yao wapo hapa leo. Mwenyekiti aliuliza kwa upole kwa nini ukuta mmoja umegeuka, na baba, ambaye alituambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameshapanga kukiri, aliziona nyuso zote zimemgeukia, akasikia mdomo wake unasema, "Vanishi ni ile ile. Mbao ndizo zimetofautiana."

Maana yake kila mtu aliielewa. Ilikuwa ni kusema kwamba seremala alichanganya mbao, akaweka za daraja la chini mahali alipodhani hapataonekana.

Mwalimu mmoja wa sayansi alipendekeza jambo rahisi, kwamba ukuta ule na ukuta jirani yake upigwe msasa kidogo pembeni, mbao tupu ionekane, ubishi uishe. Wote wakamwangalia baba, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, naye akasema kwamba hilo litaharibu kazi bila faida yoyote. Wakamwamini. Kisha mwenyekiti akamgeukia mjomba, na mjomba akauangalia ukuta, halafu akasema, "Kama fundi wa vanishi anasema hivyo, basi huenda nilikosea mimi."

Ndivyo ilivyokwisha. Chuo hakikumpa mjomba kazi tena, na habari ikaenea mitaani jinsi habari zinavyoenea, Fundi Randa akaanza kuitwa Mchanganyiko, hata na watu wasiojua kisa chenyewe. Kufikia Machi 1998 alikuwa ameondoka karakanani, akaajiriwa kwenye ghala kugongelea misumari makasha ya kufungia mizigo, mbao ambazo hakuna anayeziangalia rangi, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu. Baba alibaki na karakana, akabaki na wateja, akabaki na sifa. Vile vipande vyake vya majaribio alivitoa ukutani wiki ile ile ya kamati, akaviweka ndani ya gunia juu ya dari, na tulipomuuliza alisema vimeliwa na wadudu.

Mama alimuuliza mara moja tu. Walikuwa jikoni, mama anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Yule ni kaka yangu. Niambie kweli, ni mbao?"

Baba akasema, "Ni mbao."

Basi mama akasimama upande wa mumewe, kama alivyoona inampasa. Salamu kwa kaka yake zikapungua, zikawa za sikukuu, zikawa za kupitia watu, zikaisha. Mama alifariki tarehe 4 Mei 2009, na mjomba alikuja kwenye maziko, akasimama nyuma kabisa, karibu na lango, akatupa udongo wake akiwa wa mwisho na kuondoka kabla ya chakula, na baba alimwona tangu anaingia hadi anatoka na hakusogea hatua moja. Alituambia kwamba katika yote aliyoyafanya, hilo la kumwacha mtu amlilie dada yake peke yake ndilo lililokuwa likimwamsha usiku.

Sisi watoto hatukuwa bora. Binti yake wa pili, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alisoma katika chuo hicho tangu mwaka 2001 hadi 2003, akakaa kila siku chini ya ukuta ule, na wenzake walipouliza kwa nini una rangi ya chai aliwaambia, huku akicheka, kwamba mjomba wake alikuwa fundi mchanganyiko. Aliisema mara nyingi, kwa kuwa kila alipoisema watu walicheka.

Afya ya baba ilianza kulegea Julai 2019, kikohozi kisichoisha, pumzi fupi, na vipimo vya hospitali vikaonyesha kwamba mapafu yake yalikuwa yamechoshwa na unga wa msasa na mvuke wa vanishi, naye akaifunga karakana mwezi wa Desemba mwaka huo. Aliendelea na matibabu, leo nafuu kesho kitandani, hadi Januari 2023, daktari alipomweleza ukweli wote mbele yetu. Baba alimshukuru, na tulipokuwa tunarudi akamwambia binti yake wa pili kwamba ana kazi moja chuoni hajaimaliza.

Jumanne tarehe 14 Februari 2023 alipelekwa maktaba. Alikuwa amevaa koti lake la heshima, na mfukoni ana kipande cha msasa. Mtunza maktaba, dada mmoja aliyekuwa hajazaliwa wakati kuta zile zinapakwa, alimsikiliza kwa subira, akampa ruhusa ya kupiga msasa pembeni nyuma ya kabati, mahali ukuta wa mashariki unapokutana na ukuta wa kaskazini. Binti yake alitaka kumsaidia, baba akamzuia kwa mkono. Alipiga msasa ameketi kwenye kiti, akipumzika kila baada ya mikwaruzo michache, sehemu ya ukubwa wa kiganja huku na sehemu ya ukubwa wa kiganja kule, kwa muda wa saa nzima na zaidi, mpaka vanishi ikatoka pande zote mbili na mbao ikabaki tupu.

Zilikuwa mbao za aina moja. Weupe ule ule, mishipa ile ile iliyonyooka, huwezi kusema hii ni ya ukuta gani. Binti yake aliziangalia na hakujua aweke wapi macho yake.

Baba akamwambia mtunza maktaba, "Una daftari la jengo? Andika kwamba mbao zilikuwa sawa zote. Vanishi ndizo zilikuwa mbili, na aliyezipaka ni mimi, na aliyesema uongo ni mimi." Dada yule aliandika, baba akatia sahihi kwa ule mwandiko wake uliosifiwa na walimu.

Binti alipiga picha kwa simu, na kesho yake akampelekea mjomba nyumbani kwake. Alikuwa hajaingia nyumba ile kwa miaka ishirini na mitano. Mjomba alimkaribisha, akampa kiti, akaishika simu mbali kidogo na uso kama wafanyavyo wazee, akaiangalia picha, akaikuza, akaiangalia tena. Binti alikuwa amejiandaa kwa hasira, alikuwa amejiandaa hata kufukuzwa. Mjomba akasema, "Nilizigeuza juani zile mbao, moja moja. Tangu siku ya ile kamati nimekuwa nikijiuliza ni ipi ilinipita."

Hapo ndipo tulipoelewa ukubwa wa jambo. Baada ya baba kukiri, sisi tulidhani mjomba alijua kwamba amesingiziwa, akanyamaza kwa ustahimilivu. Hakujua. Alimwamini shemeji yake, akaamini kwamba macho yake yalimdanganya, na ndiyo maana hakuchagua mbao tena maishani mwake.

Mjomba alikuja hospitali, baba alikokuwa amelazwa, Jumapili tarehe 2 Aprili, akavuta kiti karibu na kitanda. Baba alikuwa na mpira wa oksijeni puani, akasema alilokuwa amejipanga kulisema, akaomba msamaha kwa maneno machache, kwa kuwa pumzi haikumruhusu maneno mengi. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungesema siku ile," mjomba alisema, "tungesubiri vanishi wiki mbili, basi. Mimi ningekucheka mwezi mzima. Nilikuamini wewe kuliko macho yangu, shemeji."

Machozi yalimtoka baba, na mjomba akachukua kitambaa kilichokuwa kwenye meza akampa, hakumfuta. Alipoinuka kuondoka baba alimuuliza kama amemsamehe, mjomba akasema, "Nimekusikia. Ila usinieleze mimi peke yangu. Waliosikia lile la kwanza walikuwa wengi."

Siku hiyo hiyo baba alituita watoto wote wanne na kutuagiza kwamba historia yake isisomwe bila mambo haya. Mmoja wetu alimwomba tuyafupishe, tuseme tu kwamba kulikuwa na kutoelewana katika kazi. Baba akasema, "Nilishafupisha mara moja."

Hali yake ilibadilika tarehe 15 Mei, na alifariki dunia Alhamisi tarehe 18 Mei 2023, saa tatu asubuhi, wodini, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu na miezi kumi na moja, watoto wake wawili wakiwa kando yake.

Familia inamshukuru daktari wa kifua ambaye hakutuficha kitu, wauguzi wa wodi ya wanaume waliomgeuza na kumnawisha kama baba yao, jirani wa mlango wa pili aliyekuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi barazani apate jua, mafundi wote waliokuja kumpa habari za mjini, walimu wanaofundisha na binti yake wa pili waliomshikia vipindi, na mtunza maktaba aliyetuletea leo nakala ya ukurasa ule wa daftari, ambao upo kwenye meza ya mlangoni kwa yeyote anayetaka kuusoma kwa macho yake.

Kwa wale mliokuwapo kwenye kamati ya mwaka 1997, na kwa wote mliowahi kumwita Fundi Randa jina lile jingine, tunawaomba muanze pamoja na sisi kuliacha, kwa kuwa ni nyumbani kwetu lilikotamkwa zaidi. Halikuwa jina lake. Hakuchanganya hata ubao mmoja.

Mjomba, tumekuona umekaa nyuma pamoja na majirani. Sisi watoto wa dada yako tunaona aibu, na hatukuja na maneno ya kuiondoa. Kiti cha kwanza upande huu wa familia tumekiacha wazi tangu asubuhi, nacho ni chako. Hatukuombi uje, kwa kuwa tumeshakuomba mengi bila haki, na ukipendelea kubaki hapo ulipo, kiti kitakaa wazi hivyo hivyo mpaka tutoke kwenda makaburini.

Baba, ulichotuagiza tumekisema mbele ya watu, neno kwa neno. Upumzike sasa, kwa amani utakayoipata.